Mchawi wa Kauli Mbili

Kila Jumapili saa nane mchana, wanaume watatu wazima walijifungia katika chumba cha nyuma cha duka la fotokopi ili waiokoe dunia. Dunia haikuwa na habari nao. Wake zao walikuwa na habari, na walishukuru kupata saa nne za utulivu.

Chumba kilinuka wino wa mashine na karatasi mpya. Meza ilikuwa mlango wa zamani uliolazwa juu ya maboksi, na tundu la kitasa lilikuwa bado liko wazi. Dadu likitumbukia humo, ulihesabiwa umeshindwa. Hapakuwa na ubao wala vipande vya kusogeza. Mchezo wao ulichezwa kwa mdomo. Mwenye duka, aliyejipachika mwenyewe jina la Msimulizi, alieleza mahali: pango, msitu, ngome iliyobomoka. Kila mchezaji alikuwa na mtu wake wa kubuni. Alisema mtu huyo anafanya nini, kisha akarusha dadu la pande ishirini kuona kama amefaulu au ameaibika.

Wa pili alikuwa Profesa. Hakuwa profesa wa kitu chochote. Alikuwa karani wa ofisi ya bima, ila alivaa miwani na alikuwa na tabia ya kusema "kimsingi" kila alipotaka kuropoka. Mtu wake alikuwa mchawi wa vitabu, mzee mwenye kauli kumi na nne za uchawi kila siku, na Profesa alimzungumzia kama watu wanavyomzungumzia mtoto wao aliyefaulu. Wa tatu alikuwa Fundi, fundi viatu, na mtu wake alikuwa mpiganaji aitwaye Nyundo. Fundi alikuwa na sentensi moja, "Nampiga," na akiulizwa kwa nini, aliongeza, "Si yuko mbele yangu?"

Wa nne hakuwa mwanamume, ndiyo maana hawakuwa na haraka ya kumhesabu.

Huyu alipiga pasi kwenye dobi ya shangazi yake, mlango wa pili kutoka pale. Walimwita Kimya, na jina lilimkaa. Mteja akimuuliza nguo zitakuwa tayari lini, alimtazama shangazi, na shangazi akajibu. Miezi saba nyuma alikuwa ameleta mashati ya Msimulizi akakuta kiti kitupu. Nesi aliyekuwa akicheza tabibu, mtu wa kuwaponya wenzake, alikuwa amehamishwa kituo cha kazi.

"Kaa hapo, mdogo wangu," Msimulizi alimwambia. "Unajua kucheza?"

"Sijui, kaka."

"Safi kabisa. Utakuwa tabibu. Kazi yake rahisi. Sisi tunaumia, wewe unatuponya."

Alimsogezea nakala ya kitabu cha kanuni. Kimya alifunua kurasa polepole, kwa kuwa shule aliiacha darasa la sita na macho yake hayakuzoea kukimbia. Akasimama kwenye picha ya mwanamke aliyekaa ukingoni mwa kisima, mkono mmoja wazi, bila silaha. Mbele yake lilisimama kundi la askari wenye mikuki. Alikuwa akiwatazama kama mtu anavyotazama doa la kola lililokataa kutoka.

"Huyu," Kimya alisema.

Walicheka mpaka Fundi akakohoa.

Yule wa pichani alikuwa mchawi wa agano. Mchawi wa namna hiyo hasomi vitabu. Anafunga agano na kitu kikubwa cha kale, na kitu hicho kinamkopesha nguvu. Kwa mujibu wa nakala, alipata kauli mbili tu kubwa kwa siku. Zikiisha, alibakiwa na kimshale kidogo cha giza cha kurusha mpaka jua lizame. Mbili, mbele ya kumi na nne za Profesa! Kwa hiyo, pale mezani, mchawi wa agano alikuwa kichekesho, na aliyethubutu kumchagua alimvika deraya ya chuma na kumpa upanga, uchawi ukawa wa kunogesha tu.

"Mpe upanga, mdogo wangu," Fundi alimshauri, tena kwa huruma. "Akimaliza risasi zake mbili awe na kitu mkononi."

"Hataki upanga."

"Basi hata jambia."

"Ni mchawi," Kimya alisema, akiitazama meza. "Atatumia uchawi."

"Kimsingi," Profesa alisema, "huyo ni mpiga manati aliyevaa kanzu."

Kimya akampa mchawi wake jina la Msonyo. Yeye mwenyewe hakuwahi kumsonya mtu, hata yule mama aliyerudisha shuka mara tatu na kusema bado zina mikunjo. Lakini Jumapili ile ya kwanza, Msimulizi alipokunja sauti na kuuliza, "Bawabu wa ngome anakuuliza, we mwanamke, umefuata nini hapa?" kitu kilifunguka kifuani mwa Kimya, na Msonyo akasema kwa mdomo wake, "Nimemfuata mkubwa wako. Wewe shika taa, ndiyo kazi unayoiweza."

Kisha akainamisha kichwa, masikio yakimwaka moto. Hakuna aliyejua kuwa usiku ule furaha ilimnyima usingizi. Tangu hapo, kila wiki alikuwa na saa nne za kuwa na mdomo. Siku nyingine zote mdomo ule haukuwa na pa kukaa. Ulikaa kwenye kiti kile tu.

Na kiti kile ndicho walichotaka kukichukua.

"Sikiliza, Kimya," Msimulizi alimwambia Jumapili moja walipokuwa wakikusanya karatasi. "Shemeji yangu anataka kuingia mchezoni. Amekubali kuwa tabibu. Sasa mimi siwezi kuongoza watu wengi, wachezaji wangu ni watatu. Wiki ijayo tunashuka ngome ya chini. Mchawi wako akitufaa kitu, utabaki. Asipotufaa, ama wewe uwe tabibu, ama umpishe shemeji. Hatukufukuzi, lakini."

"Hatukufukuzi kabisa," Profesa alisema.

"Unaweza kuja kutazama," Fundi aliongeza.

Kimya alisema, "Sawa, kaka," akaenda zake, na njia nzima alijitukana kwa ile "sawa".

Sasa, Msimulizi alikuwa na mashine tatu za fotokopi, lakini hakumpa Kimya nakala yake. Alimwambia atazamie kwa Profesa. Profesa naye alikishika kitabu kama mtu anayeficha majibu ya mtihani. Basi Kimya aliomba kukiazima siku za kazi, akawa ananakili kurasa za mchawi wa agano kwa mkono, kwenye daftari, wakati shuka zikikauka. Wenzake walikijua kitabu kizima juu juu. Yeye alizijua kurasa tisa, na kurasa hizo alizijua mpaka mahali pa koma.

Ndipo alipogundua jambo. Ukurasa wa mia na kumi na moja uliishia hivi: "Naye mchawi wa agano, akisha kutumia kauli zake mbili," halafu kilichokuja juu ya ukurasa uliofuata kilikuwa, "huchoka upesi kuliko farasi, lakini huvumilia kiu siku sita."

Alikwishawasikia wakiisoma sentensi hiyo. Miaka mitatu waliisoma. Profesa alikuwa hata na maelezo yake: kimsingi, agano linakausha mwili, ndiyo maana mchawi huyo anachoka haraka lakini hahitaji maji. Msimulizi alikubali, akatunga kanuni. Walipovuka jangwa, kila mtu alihesabiwa vibuyu vyake vya maji isipokuwa Msonyo. Fundi alimwonea hata wivu.

Kimya alitazama chini ya ukurasa ule uliofuata. Mia na kumi na nne. Na chini ya sentensi ya kiu palikuwa na jedwali la wanyama wa safari: farasi, punda, ngamia. Wanaume watatu, mmoja wao mwenye miwani, walikuwa wamemchezesha mchawi kwa kanuni za ngamia miaka mitatu.

Jumamosi alipeleka mashati ya Msimulizi. Mwenyewe alikuwa ametoka. Mkewe ndiye aliyekaa dukani, akibana karatasi za mitihani kwa stepla. Kitabu halisi, kile ambacho nakala ilitokana nacho, kilikaa kwenye kabati la kioo pamoja na cheti cha ndoa.

"Mama," Kimya alisema, na ilimchukua muda kusema lililofuata. "Naweza kukitazama kile?"

"Kile kitabu cha watoto wangu wakubwa?" Mke wa Msimulizi akafungua kabati bila kuacha kubana karatasi. "Chukua, mwanangu. Mume wangu kila mwezi anakifuta vumbi. Mtoto wangu wa mwisho hajawahi kufutwa makamasi na mkono ule. Na eti kaka yangu naye anataka kuja kuwa tabibu! Kaka yangu! Mafua yake mwenyewe anangoja mpaka mama ampigie simu."

Karatasi moja ilikuwa imegandana na mwenzake. Mtu alimwagia soda kitabu kile zamani, ikakauka katikati, karatasi mbili zikawa moja nene. Aliyekitoa nakala alifunua, akabonyeza kitufe, akafunua tena, na hakuuliza kwa nini karatasi ile ilikuwa nzito kama kadi ya harusi.

Kimya alikivusha kitabu mpaka dobi. Akawasha pasi ya mvuke, akaishika juu, mbali kidogo, akapuliza mvuke mara tatu kama anavyofanya kwenye lebo zilizoganda kwenye koti. Akangoja. Akashika pembe kwa ukucha. Karatasi zikaachana taratibu, bila kuchanika, na maneno yakatokea yakiwa na rangi ya chai:

"akipumzika saa moja tu, hurudishiwa zote mbili na bwana wake, akizitumia tena na kupumzika tena, hurudishiwa tena, hata mara ngapi kwa siku. Na kauli yake haitoki nusu. Kila itokapo, hutoka kwa nguvu zake zote."

Alisoma mara tatu, polepole, kidole chini ya neno. Halafu akacheka peke yake katikati ya mashati yaliyotundikwa.

"Nani anakutekenya huko?" shangazi aliita.

"Hakuna, shangazi," alijibu, akaenda kukirudisha kitabu kabatini.

Siku ya pili shemeji alikuwapo tayari. Alikuwa muuza magodoro, mpole, mwenye mkoba mdogo wa ngozi uliojaa dadu mpya. Alisimama nyuma ya kiti cha Kimya, akisema, "Endeleeni, endeleeni, msinijali mimi," na kila mtu akamjali.

Walishuka ngome ya chini. Ghorofa ya kwanza walikutana na mbwa. Mbwa mmoja, mwenye kilema. Profesa alimteketeza kwa kauli tano.

"Alikuwa mbwa mmoja, kaka," Kimya alinong'ona.

"Kimsingi hatukujua kama ana wenzake."

Wenzake hawakuwapo. Waliokuwapo ni walinzi wa majivu, watu warefu wasio na nyuso, kumi na wawili kwenye ukumbi mmoja. Nyundo alimpiga aliyekuwa mbele yake. Msonyo akatumia kauli ya kwanza, akautia ukumbi giza. Akatumia ya pili, hofu, walinzi kumi na mmoja wakatupa mikuki na kukimbia. Kazi ilikwisha kabla Profesa hajachagua kauli inayolingana na hadhi yake.

"Umejitahidi," Msimulizi alisema. "Ila sasa umebaki mtupu, na kuna ghorofa tatu."

"Risasi mbili!" Fundi akapiga meza. "Si nilisema?"

Shemeji akatingisha mkoba wake wa dadu, kidogo tu.

Kimya akavuta daftari lake karibu. "Tufunge mlango," alisema, "tupumzike saa moja."

"Saa moja ya nini? Mimi nikitaka kauli zangu nahitaji kulala saa nane," Profesa alisema. "Saa moja ni ya kunywa maji, na wewe maji huyahitaji."

"Kuna ukurasa," Kimya alisema. Sauti ilikuwa ndogo mno, ikabidi arudie. "Kuna ukurasa haumo kwenye nakala. Kutoka mia na kumi na moja tunaruka mpaka mia na kumi na nne. Ile habari ya kiu ni ya ngamia."

Fundi akasema, "Ngamia?"

Msimulizi akaenda kabatini. Walimsikia akifunua. Alichukua muda mrefu kuliko kusoma kunavyohitaji. Aliporudi alikikumbatia kitabu kifuani, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyegundua kuwa zipu ilikuwa wazi tangu asubuhi, na asubuhi yote alikuwa akihutubia.

"Nani amekifungua hiki kitabu?"

"Mimi, kaka. Zilikuwa zimegandana."

"Inasema nini?" Profesa alinyakua, akasoma, akavua miwani, akaifuta, akasoma tena. Kauli mbili, kila saa, kwa nguvu zote. Yeye aliyejua hesabu za bima alifanya hesabu upesi, na hesabu ilimtoka vibaya. Akakifunga kitabu kwa adabu. "Kimsingi," alisema, "kanuni ni mazoea. Miaka mitatu tumezoea vile. Sasa tukianza kufukua kurasa, tutaishia wapi?"

Msimulizi alimtazama kwa shukrani nyingi. "Hasa. Hapa kwangu tunacheza kwa nakala. Kitabu kile ni cha kumbukumbu."

"Lakini nakala imetoka kwenye kitabu," Kimya alisema.

"Na sisi tumetoka kwenye nakala. Haya, ghorofa ya pili. Mnashuka?"

"Tunashuka," alisema Profesa.

"Nampiga," alisema Fundi.

"Hujakutana na mtu bado."

"Nikimkuta."

Kimya alikaa akiwatazama mmoja mmoja, na kwa mara ya kwanza hakuona haya kuwatazama. Miezi saba alikuwa akiwaogopa watu hawa. Aliogopa kukosea mbele yao, akirudia maneno ya kanuni usiku kitandani kama mtoto anayeogopa fimbo. Na hawa hawakujua hata kuhesabu kutoka mia na kumi na moja.

Walishuka. Ghorofa ya pili Profesa alimaliza kauli sita, mbili kati ya hizo kwa kivuli cha Nyundo. Ya tatu alimaliza tatu zilizobaki, na dadu lake moja likatumbukia kwenye tundu la kitasa, wakahesabu ameshindwa kwa kanuni aliyoitunga yeye. Nyundo alimpiga aliyekuwa mbele yake, lakini waliokuwa nyuma yake walikuwa wanne, na jambo hilo halikuwa na sentensi. Akaanguka. Msonyo alirusha mishale yake midogo, mmoja mmoja, bila kulalamika, akamburuta Nyundo kwa mguu mpaka kwenye ghala la silaha. Mchawi wa vitabu akaingia nyuma yao akitambaa, wakafunga mlango wa chuma.

"Nje kuna walinzi arobaini," Msimulizi alisema, na sauti yake haikuwa na raha tena. "Wameleta gogo. Mlango utahimili... saa moja. Zaidi kidogo."

"Nilale," Profesa alisema.

"Unahitaji saa nane."

"Nilale haraka."

"Profesa, bwana."

"Huyu mzee ana miaka mitatu!" Profesa alisimama, kiti kikaanguka. "Nimemlea tangu ana kauli moja! Hawezi kufa ghalani kama panya!"

Fundi aliuliza kwa unyonge, "Mimi nimekufa kabisa au nimezimia?"

"Umezimia. Wakiingia utakufa."

Msimulizi alipapasa daftari zake. Zilikuwa sita, zimejaa nchi ambazo hawakuzifika bado, wafalme, mito, vita, ramani za wino wa rangi mbili. Wote wakifa ghalani, daftari sita zingebaki za kufungia maandazi. Profesa naye alikuwa akikitazama kitabu, kile halisi, kilicholala pembeni mwa meza. Ukiona jinsi alivyokitazama ungedhani ndicho kilichomsomesha.

"Kimsingi," alianza, "ukweli hauwezi kufunikwa kwa soda."

Kimya akageuza uso kumtazama.

"Nasema kama mtu wa vitabu. Kilichoandikwa kimeandikwa. Dada yetu amefanya utafiti. Saa moja tunayo. Apumzike."

"Apumzike," alisema Fundi, aliyezimia.

"Nakala..." Msimulizi alisema.

"Nakala ina ngamia, bwana!" Profesa alifoka. "Miaka mitatu tunacheza na ngamia, tunachekwa!"

Shemeji, nyuma, alisema polepole, "Ngamia kweli havumilii siku sita tu. Nimewahi kusoma."

"Kaa kimya, shemeji," alisema Msimulizi. Akavuta pumzi. "Haya. Kwa leo tu. Mchawi wa agano apumzike saa moja, arudishiwe. Leo tu, kwa dharura."

Wote wakamgeukia, wakingoja ile "sawa, kaka". Ilikuwa tayari ulimini, kwa mazoea. Kimya aliimeza, ikashuka kama kidonge kikavu.

"Hapana," alisema.

"Hapana nini?"

"Msonyo hapumziki. Ana mishale. Atawangoja mlangoni, afe na ninyi."

"We Kimya!" Profesa alishika kichwa. "Mtoto mzuri, mbona unakuwa hivi?"

"Au apumzike leo, na Jumapili ijayo, na kila Jumapili, kama ilivyoandikwa. Na asiwe na upanga, na mtu asimwambie habari za upanga. Na kiti ni changu. Si cha majaribio."

"Tutazungumza baadaye," Msimulizi alisema.

"Nje wana gogo, kaka."

Alisema kwa upole, hata shangazi yake angeitambua sauti ile. Hakuinua kichwa sana. Lakini hakukiinamisha.

Msimulizi aliwatazama wenzake, akaona kwamba hana mtu. Akakubali. Kimya akamwomba asome ukurasa wote kwa sauti, ili Fundi asikie, na aandike maneno yale kwenye nakala kwa kalamu. Aliandika. Mwandiko wake ulikuwa mbaya. Kimya alimwambia neno "hurudishiwa" amelikosea, akalifuta, akaliandika upya.

Saa moja ikapita, kwa maneno tu, kama saa zote za mezani pale zinavyopita. Mlango ukavunjika.

Msonyo alikuwa amesimama katikati ya ghala, mkono wazi. Kwa mara ya kwanza Kimya hakumsemea akiwa ameangalia meza. "Arobaini," Msonyo alisema, "na gogo. Kwa mlango mmoja! Nani aliyewatuma nyinyi, hamna hata mmoja wenu aliyejaribu kitasa?" Akawatia giza. Walinzi wakapigana wao kwa wao humo gizani kama abiria wanaogombea mizigo. Akawatia hofu, na hofu yenyewe, kwa kuwa haikutoka nusu, iliwafagia thelathini na moja, Msimulizi akirusha dadu kwa niaba yao na dadu likimsaliti kila mara. Waliobaki tisa aliwalenga mshale mmoja mmoja. Wakapanda ghorofa ya pili, wakafunga mlango, wakapumzika saa moja. Giza tena, hofu tena. Ghorofa ya kwanza, saa moja, tena. Kauli sita kubwa baada ya zile mbili za mwanzo, hakuna iliyokwenda kwa mbwa, na Nyundo akiburutwa kwa mguu ngazi zote, kichwa kikigonga kila kipandio, maana Msonyo hakuona sababu ya kumgeuza.

Walipotoka juani Fundi alipiga makofi. Halafu, kabla makofi hayajapoa, ikaanza.

"Kimsingi tulijipanga vizuri," Profesa alisema, akivaa miwani. "Mimi kutumia kauli zangu mapema kuliwachosha."

"Na mimi kuanguka pale mlangoni," alisema Fundi, "kuliwachelewesha."

"Nilijua mtatoka," alisema Msimulizi. "Ndiyo maana niliweka ghala."

Kimya alipanga karatasi zake tisa alizonakili, na ya kumi mpya, ya maneno yaliyogandana. Hakuwa na hasira. Alikuwa akiwasikiliza kama anavyosikiliza wateja wanaosema doa lilikuwapo tangu nguo inanunuliwa.

"Sasa, shemeji," Msimulizi alisema, "wachezaji watakuwa wanne, nitaweza tu. Jumapili ijayo njoo na tabibu wako."

Shemeji alikuna kidevu. "Nimebadili mawazo. Huyu mwenye agano ndiye anayenifaa. Nafungaje agano?"

"Hata mimi nilitaka kuuliza," alisema Profesa, akiangalia dirishani. "Mchawi wa vitabu, uzeeni, hawezi kufunga kaagano kadogo? Ka pembeni?"

"Mimi Nyundo wangu anaweza?" Fundi akadakia.

"Ngojeni kwanza!" Msimulizi akainua mikono. "Nani atakuwa tabibu? Nyundo yuko hoi, mzee amebakiwa na tone la damu. Wiki ijayo tunaingia kwenye mabwawa. Lazima mtu mmoja awe tabibu."

Na wote wanne, pamoja na shemeji aliyefika mchana ule ule, wakamgeukia Kimya.

Kimya akasimama, akakibana kitabu cha nakala kwapani, maana sasa alikuwa anakiazima bila kuomba.

"Basi mtaumia," alisema, akaenda zake kupiga pasi.